Mstari Nilioupiga kwa Rula

Likasi, Ijumaa, saa tisa alasiri

Mwanangu Feza,

Uko nje kwenye ngazi ya mlango, kichwa chako kimebanwa kati ya magoti ya Mama Odette, na ninamsikia jirani yetu huyo akikutania: "Hii nywele iko nguvu kama kichwa ya baba yako! Kaa muzuri, sikie? Kesho bantu ba Kamina batasema ku Likasi hatujue kusuka." Miezi michache iliyopita ungemjibu kabla hajamaliza. Leo umenyamaza, naye anaendelea kusuka na kujichekea peke yake ili pasiwe kimya.

Nakuandikia sasa kwa sababu treni ni kesho asubuhi, kama itakuja, na stesheni mbele ya watu mimi siwezi kusema. Unanijua. Mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, jibu halitoki, lakini nikipewa karatasi linatoka lote. Barua hii utaisoma njiani, au utaisoma ukishakuwa mkubwa. Itunze tu.

Najua utashangaa kuona nimeandika "mwanangu". Nina miaka kumi na saba, wewe kumi na miwili, na mimi pia bado ninavaa sare ya shule. Lakini nimepewa jina la nkambo Masengo, bibi yetu aliyemzaa mama, na kwetu anayebeba jina la mtu anabeba na nafasi yake. Ndiyo maana mama aliniita "mama" tangu nikiwa mgongoni kwake. Baba akafuata, nawe ulipoanza kusema ukadhani ndilo jina langu. Ulikuwa mchezo wa nyumbani. Kisha mama akatutoka, na siku ya matanga baba akachukua mkono wako akautia ndani ya mkono wangu mbele ya wageni wote. "Mama," akasema, "mutoto wako njo huyu." Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikajibu ndiyo, baba, na nikaona haya kuuliza kazi hiyo mtu anaianzaje.

Kwa hiyo leo sitakuambia habari za sabuni, wala sala, wala jinsi ya kusalimia. Shangazi wa Kamina ana utaratibu wa nyumba yake na atakufundisha. Nina jambo moja tu, na limeletwa na swali lako la jana. Ulikuwa unakunja gauni la bluu, ukauliza bila kuniangalia: "Mama Masengo, nikikuwa mutoto muzuri, mutanirudisha?"

Nikatoka nje nikajifanya naenda kuangalia mkaa. Sikuwa nimejua kwamba unaondoka ukiamini umefukuzwa.

Feza, hukufukuzwa, kwa sababu hukukosa. Baba anakupeleka kwa dada yake kwa sababu midomo ya mtaa huu imekuwa mingi, na kwa sababu hajui njia nyingine ya kukulinda. Mimi nilimwomba usiende. Alinijibu, "Mama, minye nimechoka kuona bantu banaangalia mutoto wangu," na machozi yakamtoka, na sikuweza kuendelea. Labda amekosea. Lakini aliyetenda kosa ni yule mwanamume, na waliomfungulia njia ni sisi wakubwa, na kati ya wakubwa hao nimo mimi. Wewe humo. Nataka kukuonyesha jinsi ilivyokuwa, hatua kwa hatua, ili mtu akikuambia vinginevyo uwe na kitu cha kumjibu.

Unakumbuka shule yenu ilivyokuwa. Walimu walifundisha, wengine wao wakilala njaa, na mwalimu wa michezo aliacha filimbi mezani akaenda kuchimba mawe upande wa Kambove. Kazi ya baba usinini, pale kiwandani, ilikuwa inasimama wiki, inaanza siku mbili, inasimama tena. Uwanja wenu uliota majani. Ndipo akaja yeye na wavu wa mipira begani, na barua yenye mihuri mingi ambayo nadhani hakuna aliyeisoma. Alimwambia mkuu wa shule, "Siombi mshahara. Nipe watoto na uwanja, basi." Maneno hayo yalizunguka mtaa mzima kama sifa. Hata mimi niliyasimulia kisimani na kanisani. Alisema wazi kabisa alichotaka, nasi tukapiga makofi.

Baada ya mazoezi aliwapa uji wa maziwa. Nani angeuliza swali mbele ya uji? Kisha akawaambia watoto wasimwite kocha, wamwite Tonton. Neno dogo hilo, Feza, nimelifikiria sana. Akiwa tonton wa mtoto, basi ni ndugu wa baba wa mtoto, na kwetu ndugu haulizwi ametoka wapi wala alifanya kazi shule gani kabla ya hii. Alikula bukari, ugali wetu, mezani petu mara mbili. Alimsikiliza baba akilalamika juu ya kazi, akamwita "yaya", kaka yake mkubwa. Na mimi aliniuliza ninasoma kitabu gani.

Naandika hili kwa shida. Tangu mama afariki hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza ninasoma nini. Nilimweleza kitabu kizima, mimi nisiyesema, na yeye akatikisa kichwa na kusema nitakuwa mtu mkubwa. Wiki nzima nilitembea nikiwa mwepesi. Nimeelewa baadaye kwamba hakuwa akinisikiliza. Alikuwa anapita kwangu ili akufikie wewe, kama alivyopita kwenye uji na kwenye malalamiko ya baba. Kila mtu wa nyumba hii alimpa kile alichokuwa na njaa nacho.

Ndipo yakaja mashindano ya mpira wa mikono kule Kambove. Kila mzazi alipewa karatasi ya kuruhusu, imeandikwa kwa Kifaransa. Baba anasema lugha nne lakini Kifaransa cha karatasi hakijui, na majirani wengi ni hivyo hivyo. Wakaleta kwangu, kwa kuwa ninasoma sekisheni ya biashara na mwandiko wangu ni mzuri. Karatasi sita zilikuwa mezani, yako na za rafiki zako watano. Mama mmoja aliniambia, "Masengo, weye njo avoka yetu." Mwanasheria wao! Nilinawa mikono kabla ya kuzishika.

Nilisoma kila mstari, Feza. Sitaki udhani sikusoma. Palikuwa na mstari unaosema mahali pa kulala patatafutwa na kocha. Chini yake palikuwa na mwingine: "Mtu wa shule atakayefuatana na watoto", kisha nukta nyingi mpaka ukingoni mwa karatasi. Juu ya nukta hizo hapakuwa na jina. Pote sita palikuwa patupu.

Mwalimu wetu wa barua za ofisi alitufundisha jambo moja na hulirudia kila mara: usiache nafasi tupu ndani ya karatasi inayotiwa sahihi, maana nafasi tupu ni mlango wa mwizi, mtu ataandika humo anachotaka. Ukiona nafasi tupu, piga mstari. Nami nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nikachukua rula, nikapiga mstari mmoja safi juu ya nukta zile, karatasi ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Niliona ninawalinda. Nilikuwa naziba nafasi lisije likaingia jina baya, kumbe hatari yote ilikuwa kwamba hapakuwa na jina lolote. Kisha chini nikaandika kwa mkono wangu, kama inavyotakiwa, "Lu et approuvé", yaani nimesoma na nimekubali. Baba akachora herufi zake tatu pale nilipomwonyesha.

Sitasema sikuwa na wasiwasi. Kesho yake nilikwenda shuleni kwenu kuuliza ni mwalimu gani atakwenda nanyi. Nilifika hata uani. Mkuu wa shule alikuwa amesimama na kocha, wanacheka, na kocha akaita kwa sauti, "Eee, mwanafunzi wangu wa vitabu! Unatafuta nani?" Nikasema nimekuja kusalimia. Nikasalimia, nikarudi.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuijua aibu ya namna ile. Inakuja imeshikana mkono na shukrani. Mtu anamlisha mtoto wako, utamuulizaje atalala naye wapi? Mwanangu, ukiona siku moja unamshukuru mtu mpaka unaogopa kumuuliza swali, swali hilo ndilo la kuuliza. Mimi nililirudisha nyumbani likiwa zima mdomoni.

Mliondoka Jumamosi mkarudi Jumapili. Yaliyotokea Kambove ulinieleza baadaye, mara moja tu, na sitayaandika, kwa kuwa ni yako, na ni wewe peke yako utakayechagua kama yatasemwa tena na kwa nani. Nitaandika yangu tu. Ulifua jezi yako, ukaianika, ukaiondoa kwenye kamba ikiwa bado mbichi, ukaifua tena. Viatu vya michezo alivyokupa kocha ukavitupa kwenye shimo la takataka. Mimi nikavitoa. Nikavisugua kwa majivu nikakuwekea chini ya kitanda, nikakugombeza, "Feza! Nani atakupatia vingine?" Siku tisa uliishi chumba kimoja na viatu hivyo. Kisha ukamwambia Mama Odette wakati anakusuka, na Mama Odette akaja kwetu na kitana bado kiko mkononi.

Nilimsindikiza baba kwa mkuu wa shule kwa sababu ya Kifaransa. Mkuu alikuwa peke yake ofisini, anashona mkoba wake kwa uzi. Alipotusikia aliuweka chini polepole. Si mtu mbaya, Feza, na hilo nalo linaniumiza. Alisema:

"Papa, ule muntu haiko wa masomo yetu. Alikuya tu kutusaidia, bule."

"Na funguo ya masomo, nani alimupatia?" baba akauliza, akionyesha kwa kidole mlango wa shule.

"Ni minye. Mais, papa, kupeleka mutoto Kambove, hapo njo mzazi anakubali. Angalia. Mulisinye."

Akafungua droo akatoa karatasi yenye sahihi ya baba. Niliujua mwandiko wangu toka mlangoni. Baba aliigeuza huku na huku, kisha akaweka kidole chake kwenye mstari wangu. Kilikuwa kitu pekee kwenye karatasi ile ambacho hakikuhitaji mtu kujua kusoma.

"Mama, hii mustari ni ya nini?"

"Ni pahali pa jina, baba. Jina ya mwalimu wa kuenda nabo."

"Na jina iko wapi?"

"Haiko."

"Nani alipiga mustari?"

"Ni minye, baba."

Hakunigombeza. Aliikunja karatasi akamrudishia mkuu wa shule kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayerudisha sahani ya wenyewe. Tulipofika karibu na nyumbani akaniambia, "Kosa ni yangu. Nilikuachia kuwa mama, na weye ungali mutoto." Nilitamani angenipiga.

Kocha tayari alikuwa ameondoka mjini. Wengine wanasema yuko mji mwingine na wavu wake wa mipira, na shule fulani inamshukuru. Baba alipeleka malalamiko panapopelekwa. Wakaandika, wakasema tungoje. Hatujaitwa.

Mimi nilifanya kitu kimoja ambacho hukukiona. Nilikwenda nyumba zile tano, moja baada ya nyingine. Sikutaja jina lako. Nilisema mtoto mmoja ameumizwa, na kwamba ni mimi niliyepiga mstari pale palipotakiwa jina la mwalimu, na kwamba wawaulize watoto wao kwa upole, bila fimbo. Nyumba moja walinifukuza, wakisema nawaharibia watoto wao jina: "Mutoto wa juzi! Unakuya kuchafulia bantu bana babo?" Nyumba mbili walinisikiliza wakaniambia nimwombe Mungu. Nyumba ya nne hawakufungua. Ya tano, yule mama aliyeniita avoka alikaa chini palepale mlangoni, kisha akaita binti yake aingie ndani. Wiki iliyofuata alikwenda kwa mkuu wa shule. Sasa mtu wa nje hashiki mpira pale mpaka mwalimu mmoja awe ameketi uwanjani, na watoto hawalali safarini bila mama mmoja wa kamati ya wazazi. Yule mama wa nyumba ya tano huketi uwanjani mwenyewe, na kiti anakibeba kutoka kwake. Ni kitu kidogo, na kwako kimechelewa. Nimekiandika ili ujue kwamba kilikuwa kinawezekana siku zote. Kilihitaji mtu mmoja na kiti.

Kamina kuna shule, na siku moja utasikia filimbi. Usiuache mpira kwa ajili yake yeye. Mkono wako wa kushoto ni wako, ulikuwa unarusha vizuri kabla hajaja. Lakini angalia uso wa anayekufundisha wakati mkubwa mwingine anapokuja kutazama. Aliye mwema ataendelea na kazi yake, hata kama anayetazama ni shangazi na kisu chake cha kumenyea mihogo. Na akikwambia "hii ni yetu wawili", toka, hata kama ni katikati ya mchezo, hata kama mnashinda. Nimekwambia hivi nikisita, maana sitaki kukupa kazi ya kujilinda ambayo ilikuwa yetu. Ni yetu bado. Shangazi nimemwandikia pia.

Hapa nilitaka kumaliza. Niliandika salamu za mwisho, ukaingia.

Nusu ya kichwa chako ilikuwa imesukwa na nusu imesimama. Ukauliza ninamwandikia nani. Nikasema wewe. "Basi soma," ukasema, ukaketi kitandani. Nikakusomea yote kwa sauti, hata ya viatu. Mama Odette aliita mara mbili, "Feza! Utaenda Kamina na kichwa nusu?" Nilipomaliza ukasema:

"Haukuandika ya ku robine."

Ni kweli. Nimezikata salamu zile, na ninaandika, na wewe umesimama nyuma yangu unatazama.

Ilikuwa siku ya maji, wiki moja kabla ya karatasi. Tulikuwa kwenye foleni ya robine, bomba la mtaa, ndoo nyingi mbele yetu na watu wengi nyuma. Ulinivuta nguo ukasema, si kwa kunong'ona, "Mama Masengo, minye sitaki Tonton anifundishe peke yangu. Anafungaka mulango." Nilisikia kila neno. Nikaangalia kama watu wamesikia. Nikakwambia, "Nyamaza, bantu banaangalia. Anakupenda juu unarusha muzuri." Ukasema tena, "Sitaki." Zamu yetu ikafika. Nikajaza ndoo, nikakutwika, tukarudi nyumbani, na sikukuuliza tena. Wiki moja baadaye nilichukua rula.

Kwa hiyo uliyemwambia kwanza hakuwa Mama Odette. Ulikuja kwangu kwanza, mapema, kabla ya Kambove, ukanena kwa maneno yanayoeleweka na mtu yeyote. Nilitaka kukwambia leo kwamba hukukosa. Wewe umenisahihisha: ulifanya hasa kile ambacho mtoto anatakiwa kufanya, na ukakifanya mara mbili ndani ya dakika moja. Mimi ndiye niliyeona haya kwa ajili ya foleni ya ndoo.

Umeniambia niandike hilo tena, kwa herufi kubwa kuliko hizi, ili hata shangazi asiye na miwani aweze kulisoma. Naandika:

FEZA ALISEMA.

Umelitazama kwa muda. Umesema, "Sasa funga." Umetoka kwenda kumaliziwa kichwa.

Nafunga.

Masengo, aliyekusikia